Siku Thelathini na Sita za Nyabuhele

Nkinda Busalu alikaa siku tatu kwenye benchi la mapokezi ya Idara ya Mzunguko, mifuko saba ya udongo ikiwa miguuni pake. Jioni ofisi zilipofungwa aliondoka kwenda kulala kwa binamu yake, na asubuhi alirudi kabla mlinzi hajamaliza kufagia ngazi. Hakugombana na mtu. Kila alipoulizwa shida yake alijibu kwamba anamsubiri mtu aliyetengeneza wadudu wa bomba.

Siku ya nne Dk. Milembe Kadelya alishuka mwenyewe. Alikuwa mkuu wa maabara ya jiji, mwanamke wa miaka hamsini na moja, mrefu, anayetembea upesi hata asipokuwa na haraka. Alikuwa ameambiwa kuna mama mmoja kutoka vijijini anayedai kwamba shamba lake linachemka, na alishuka akiwa na nia ya kumwelekeza kwa bwana shamba amalizane naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyewatengeneza?"

"Nilikuwa mmoja wa waliowatengeneza."

"Basi kaa."

Milembe akakaa. Nkinda alifungua mfuko wa kwanza, akaeleza taratibu kama mtu aliyeyapanga maneno yake kwa siku nyingi. Alikuwa akilima mpunga Mwabasuli, kilomita arobaini kutoka jijini, kwenye majaruba ya udongo mweusi wa mbuga aliyoyarithi kwa mumewe. Sasa ulikuwa msimu wa tatu mpunga unaugua. Jani la chini linaanza kuwa njano kwenye ncha, linakauka, kisha la juu yake linafuata. Akiweka mbolea ya kiwandani, baada ya wiki moja ni kama hakuweka kitu. Na maji ya jaruba yanatoa vipovu vidogo vidogo kutwa nzima, kama sufuria inayokaribia kuchemka, lakini ukitia mkono ni baridi. Majirani wawili walikwisha hama. Yeye alichota udongo kwenye mashamba saba, kila moja likiwa mbali zaidi na jiji kuliko lililotangulia, akaandika majina ya wenyewe juu ya mifuko.

Aliposikia habari ya vipovu, Milembe aliuvuta mfuko wa kwanza karibu yake.

Hakuna mtu wa Nyabuhele asiyemjua Mrudishi. Watoto hufundishwa habari zake shule ya msingi. Jiji la watu milioni tatu hula kila siku wali, maharage, dagaa na mchicha, na ndani ya vyakula hivyo mna naitrojeni iliyotoka kwenye ardhi ya mashambani. Mwili hubakiza kidogo, iliyobaki hutoka, na sehemu nne kati ya tano hutoka kwa mkojo. Zamani yote hiyo iliishia ziwani. Huko ililisha mwani mpaka ghuba nzima ikageuka uji wa kijani unaonuka, samaki wakakosa pumzi, maji ya kunywa yakawa sumu. Ndipo wataalamu kumi na mmoja walipobuni Mrudishi, bakteria wa kuishi ndani ya mabomba ya mkojo, mwenye kazi moja tu ya kuivunja naitrojeni ile na kuirudisha angani ikiwa gesi isiyo na harufu wala madhara. Ndani ya miaka sita ziwa lilikuwa safi. Majina ya wale kumi na mmoja yalichongwa kwenye jiwe katika bustani ya jiji, na la Milembe lilikuwa la mwisho kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Mrudishi anapokula, maji hutoa vipovu. Hiyo ndiyo gesi yenyewe ikipanda.

"Niachie hii mifuko mpaka kesho," Milembe alisema.

"Nitakaa nayo hapa hapa," Nkinda akamjibu. "Wewe chota unachotaka."

*

Aliifanya kazi ile mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Walipomtengeneza Mrudishi walimtia alama ya kumtambua, kwamba akimulikwa kwa taa maalumu ang'ae rangi ya samawati. Milembe alipaka udongo wa mfuko wa kwanza kwenye kioo, akauweka chini ya hadubini, akawasha taa. Akaona nukta za samawati zimejaa kila mahali. Mfuko wa pili ulikuwa vivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne. Mfuko wa saba ulitoka kilomita sitini, na humo nukta zilikuwa chache, lakini zilikuwepo.

Njia aliyopitia Mrudishi haikuwa na fumbo. Maji yaliyokwisha safishwa mabombani jiji liliyapeleka mashambani kwa mifereji, kama zawadi kwa wakulima. Watu hawakuwa na wasiwasi, kwa sababu Mrudishi aliumbwa ategemee sukari ya pekee iliyopakwa ndani ya mabomba, na akiikosa siku mbili afe njaa. Sentensi ya ripoti iliyosema hivyo aliiandika Milembe kwa mkono wake. Sasa Mrudishi alikuwa chini ya maji ya jaruba, mahali pasipofika hewa, kwenye mabua ya mpunga yanayooza, na huko alikuwa amejipatia chakula kingine kinachomfaa. Alikuwa anaila mbolea ya watu na kuirusha angani.

Kilichomfanya Milembe aizime taa ni kwamba alikuwa amekwisha kuyaona haya. Miaka ishirini na minne iliyopita alipewa chupa tisini za kumjaribu Mrudishi nje ya bomba. Katika themanini na tisa alikufa. Katika moja, yenye tope na mabua ya mpunga, siku ya kumi vilitokea vipovu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, jina lake lilikuwa linasubiriwa kwenye ripoti, na jiji zima lilikuwa linanuka. Alijiambia chupa haikuoshwa vizuri. Akaimwaga, akaandika kwenye ripoti chupa themanini na tisa, kana kwamba ya tisini haikuwepo.

*

Mkurugenzi Pontian Rwechungura alimsikiliza amesimama dirishani, uso ameuelekeza ziwani. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mwenye sauti ndogo, na hakupinga hata kipimo kimoja. Aliuliza tu Mrudishi anaenda kasi gani. Milembe akamwambia kilomita kumi na mbili kwa msimu, akifuata mifereji. Akauliza dawa yake. Dawa ilikuwepo tangu mwanzo, kirusi cha kumfyeka Mrudishi, kilichotunzwa kwenye chumba cha baridi chini ya jengo, nyuma ya mlango wa funguo mbili. Mmoja aliuvaa mkurugenzi shingoni, wa pili aliuvaa mkuu wa maabara.

Tatizo lilikuwa kwamba mabomba na mifereji ni njia moja. Ukisafisha mashamba ukaacha mabomba, Mrudishi atarudi shambani ndani ya wiki. Lazima afe kote. Na kizazi kingine, ambacho Milembe aliamini safari hii angeweza kukifunga kweli kweli, kingehitaji siku thelathini na sita kukua na kuyajaza mabomba. Kwa siku hizo zote mkojo wa watu milioni tatu ungekwenda ziwani kama ulivyo.

"Wiki mbili zinatosha kuiua ghuba," Rwechungura alisema.

Kisha akasema jambo ambalo kila mtu idarani alilijua lakini hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake. Alipokuwa na miaka tisa, dada yake Aneth alikunywa maji ya ndoo yaliyochotwa pembeni ya ule uji wa kijani. Ini lilimharibika. Alikufa siku ya tatu, naye Pontian ndiye aliyekuwa amechota.

"Hapa wanakunywa milioni tatu," akasema. "Kule wapo laki mbili. Tutawapelekea chakula, na anayetaka kuhama tutamhamisha. Ufunguo wangu siutoi."

Milembe alimweleza kwamba Mrudishi hatasimama kilomita sitini. Mkurugenzi akamjibu kwamba kilomita kumi na mbili kwa msimu zinawapa muda wa kutafuta njia nyingine. Halafu, kwa upole, akaongeza kwamba hakuna haja ya kuwatangazia watu kwa sasa, na kwamba jina la Milembe pia lingebaki kwenye jiwe la bustani. Neno hilo lilimchoma Milembe kuliko yote, maana alikuwa amekwisha kuliwaza kabla hajaambiwa.

*

Asubuhi iliyofuata alimsindikiza Nkinda nyumbani. Alitaka kuliona shamba kwa macho yake, na labda pia alitaka kuwa mbali na lile dirisha. Walipanda treni ya mizigo, ile inayoingia jijini alfajiri na mchele, vitunguu na mboga, na kuondoka saa nne. Walikaa kwenye behewa la kwanza pamoja na mlinzi wa treni. Nyuma yao yalikuwa mabehewa thelathini na tisa, milango wazi, na ndani yake maganda ya vitunguu yakipeperuka.

Milembe alimuuliza mlinzi kama siku zote hurudi matupu. Mlinzi alisema ana miaka kumi na tisa kwenye njia ile, na vitu alivyowahi kuvirudisha vijijini ni jeneza moja na bendi ya harusi.

Walipofika kituo cha pili Milembe alikuwa ameomba kalamu na anaandika kwenye ganda la boksi. Mtu mmoja hutoa lita moja na nusu kwa siku, akizidi kidogo au akipungua. Watu watano hujaza dumu la lita ishirini kwa siku tatu hivi. Jiji zima ni tani elfu nne na ushee kwa siku. Treni moja hubeba tani elfu mbili. Treni za mizigo zinazoingia Nyabuhele kila siku ni tisa, na zote tisa hutoka tupu. Miaka ishirini na minne walikuwa wakipokea naitrojeni ya wakulima kwa mabehewa, wanaipeperusha angani, na hakuna aliyeona ajabu kwamba mabehewa yanarudi bila kitu.

Mwabasuli mpunga ulikuwa wa njano mpaka macho yanapoishia. Milembe alipiga magoti kwenye ukingo wa jaruba, akainamisha sikio. Maji yalikuwa yanatoa sauti ndogo isiyokoma, kama mafuta yanayochemka kikaangoni kwa mbali. Alikaa hivyo kwa muda, halafu pale pale, magoti yakiwa matopeni, akamweleza Nkinda habari ya chupa ya tisini. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine.

Nkinda alichuchumaa karibu yake. Kisha akauliza, "Ulikuwa na umri gani?"

"Ishirini na saba."

"Mimi nikiwa na umri huo niliunguza ghala la baba mkwe wangu kwa uzembe. Nilisema ni radi. Amekufa akiamini ni radi." Alikung'uta tope kwenye kanga yake. "Kuna siku nilikuwa naamka nimeazimia kumwambia. Zote zikapita. Wewe bado una watu wa kuwaambia."

*

Baraza la Jiji la Nyabuhele hukaa kila Jumamosi asubuhi, wajumbe arobaini na sita, na maneno yake husikika kwenye vipaza sauti vya mitaa yote. Milembe alikuwa na dakika kumi za kueleza usafi wa mabomba. Alizitumia kusema yote, kuanzia vipovu na mashamba mpaka funguo mbili na ile chupa aliyoimwaga. Alisema jina lake kamili na mwaka. Aliwaambia kwamba mashamba yanaweza kupona na ziwa likabaki salama kwa njia moja tu, kwamba kwa siku thelathini na sita mkojo usiingie kwenye bomba lolote. Kila nyumba iukusanye kwenye madumu yanayofungwa vizuri, na treni ziupeleke mashambani, maana ni mbolea ile ile iliyotoka huko.

Wajumbe waliacha kuandika. Hata mitaani, watu walisimulia baadaye, waliokuwa wakipiga pasi waliinua pasi.

Rwechungura aliulizwa kama hayo ni kweli. Alisimama akasema ni kweli, na kwamba yeye ndiye aliyekataa kutoa ufunguo. Akaeleza sababu yake bila kuificha.

"Mimi siwadharau watu wa jiji hili," alisema. "Lakini wamezaliwa wakikuta kitufe cha choo. Leo tuwaambie wabebe mikojo yao mpaka stesheni? Siku ya pili watachoka, watamwaga mtaroni, na mtaro unaenda ziwani. Nani hapa ataweza kuahidi kwa niaba ya jirani yake?"

Milembe alikuwa na mahesabu, na mahesabu hayakuweza kumhakikishia nia ya mtu hata mmoja. Ndipo aliposimama Bi Tekla Manyilizu, mjumbe wa kata ya soko la samaki, mwanamke mnene mwenye mikono iliyochanika chanika kwa magamba. Alitaka kuuliza swali moja.

"Hilo dumu likijaa, nalipeleka stesheni ipi? Ya juu au ya chini?"

Baada ya hapo maswali yote yakawa ya namna hiyo. Wazee wasiojiweza watasaidiwa na nani. Hospitali zifanyeje. Mfuniko wa dumu ukipasuka unapatikana wapi. Walibishana mpaka saa saba mchana, na kura zilipohesabiwa zilikuwa thelathini na moja kwa kumi na tano. Rwechungura alivua kamba shingoni, akavuka ukumbi, akauweka ufunguo wake mkononi mwa Milembe.

"Nikiwa nimekosea nitafurahi sana," akamwambia.

*

Kirusi kilimwagwa Jumatatu, mabombani na kwenye mifereji kwa wakati mmoja. Kufikia Jumatano Mrudishi alikuwa amekufa jiji zima, ingawa majarubani angechukua wiki kadhaa kuisha, na sasa hakukuwa na kurudi nyuma.

Siku ya kwanza nyumba nne tu kati ya kumi zilileta madumu. Siku ya pili zilikuwa tano. Wengine waliona haya kupita mtaani nayo, wengine walisema hawakupiga kura, wengine walimwaga usiku kwenye mitaro kama Rwechungura alivyotabiri. Kipimo cha ziwa, ambacho siku zote kilisoma tatu na hatari yake ni ishirini, kilipanda mpaka kumi na moja siku ya nne, na kumi na tano siku ya tano. Kwenye mawe ya ufukweni ulitokea uzi mwembamba wa kijani. Rwechungura alikuwa akishinda pale tangu asubuhi, suruali ameikunja, anachota maji kwa chupa na kuyatazama juani. Hakumlaumu mtu. Milembe alipomwona hivyo alishindwa kumsogelea.

Aliyeokoa mambo ni Nkinda, na wala hakujua kama anaokoa. Alipiga simu siku ile ya tano kulalamika kwamba madumu yanafika hayana majina, na kwamba yeye hawezi kupokea mzigo asijue wa kumshukuru. Akapendekeza kila dumu liandikwe mtaa ulikotoka, na kila mtaa upewe jaruba lake, na kibao chenye jina la mtaa kichomekwe pale. Milembe alilipeleka wazo kwa wajumbe wa baraza jioni ile ile, na kesho yake likatangazwa.

Jumapili treni zilibeba watu. Mtaa wa Reli walikwenda mia mbili kuliangalia jaruba lao, wakakuta kibao chao kimezungukwa na madumu machache, na pembeni yake, kwenye jaruba la Mtaa wa Mitumba, yamepangwa mara tatu zaidi. Wenyeji wao waliwaonyesha jinsi kazi inavyofanyika, dumu likikaa limefungwa siku kadhaa, kisha sehemu moja ya mkojo kwa kumi za maji, ikimwagwa chini ya shina na si juu ya majani. Watu wa Reli walirudi kimya. Jumatatu asubuhi foleni ya madumu kutoka mtaa wao ilizunguka stesheni mara mbili.

Kuanzia hapo jiji likashika moto. Wenye baa walibandika ukutani idadi ya madumu ya wateja wao. Walimu walijigamba kwa shule zao. Mgeni akija nyumbani aliombwa asiondoke kwanza, na harusi moja ya kata ya soko la samaki ilijaza madumu kumi na manne, bwana harusi akayasindikiza stesheni akiwa ndani ya suti yake, na bibi harusi akishikilia mfuniko uliokuwa unalegea. Wale kumi na tano waliopiga kura ya kukataa walionekana wakisukuma mikokoteni. Mtu aliyemwaga mtaroni alikuwa anazomewa na watoto mpaka anaingia ndani.

Siku ya kumi na mbili kipimo cha ziwa kilisoma tisa. Siku ya ishirini kilisoma tatu. Uzi wa kijani ulikauka kwenye mawe ukapukutika.

Siku ya ishirini na mbili, Milembe akiwa kazini kwenye matangi ya kizazi kipya, simu yake iliita. Alikuwa Nkinda, na hakumsalimu.

"Sikiliza," alisema.

Milembe alisikiliza. Alisikia upepo, ndege mmoja, na mtu akicheka mbali. Zaidi ya hapo hakusikia kitu.

"Sisikii chochote, mama."

"Ndiyo. Simu nimeishikilia juu ya maji."

Milembe aliketi sakafuni, mgongo kwenye tangi, akalia kama ambavyo hakuwa amelia tangu utotoni. Nkinda akamngojea bila kukata simu. Alipotulia alimweleza kwamba majani mapya yanatoka ya kijani kibichi, kibichi mpaka yanatia macho uvivu, na kwamba jirani mmoja kati ya wale waliohama amerudi.

*

Siku ya thelathini na sita kizazi kipya kilikuwa tayari, matangi sita yamejaa. Milembe alikuwa amekijaribu kwa tope na mabua ya kila kijiji, chupa mia tisa, na hakuna hata moja iliyotoa kipovu. Kwa wakati huo hakuwa tena mkuu wa maabara. Tume ya baraza ilikuwa imemvua cheo kwa ajili ya ile chupa moja, ikaagiza kwamba hataweka tena sahihi ya usalama akiwa peke yake maisha yake yote. Aliona ni haki, na alishangaa jinsi alivyolala vizuri usiku ule.

Baraza lilikaa kuamua siku ya kukifungulia mabombani. Kila mtu alijua ndicho kilichosubiriwa. Lakini kabla mwenyekiti hajasoma hoja, Rwechungura aliomba nafasi. Alikuwa na karatasi moja, na juu yake namba moja. Asubuhi hiyo ziwa lilisoma mbili. Tangu vipimo vianze kuandikwa halijawahi kusoma mbili.

"Nilisema hakuna anayeweza kuahidi kwa niaba ya jirani yake," alisema. "Nimekaa ufukweni mwezi mzima nikisubiri kuona kwamba nilikuwa sahihi. Sikuwa sahihi. Naomba wadudu hawa wasifunguliwe. Mabomba yabaki makavu, na treni ziendelee kurudi zimejaa."

Bi Tekla aliuliza wangapi wanamuunga mkono. Mikono iliinuka arobaini na minne. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu wa adabu, alimgeukia Milembe akamuuliza kama ana neno la kuitetea kazi yake, maana ni ya miaka mingi. Milembe alisema anaomba jambo moja, aiteketeze mwenyewe.

Waliteremka watu watatu, yeye, Rwechungura na Bi Tekla. Milembe alifunga vali za matangi yote sita, akawasha mvuke. Sindano ya kipimajoto ilipanda taratibu mpaka nyuzi mia moja ishirini na moja, ikakaa hapo dakika arobaini. Tangi lilipopoa alichota tone, akaliweka chini ya hadubini, akawasha ile taa maalumu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasogea pembeni ili Rwechungura atazame, na Bi Tekla baada yake.

"Mbona sioni kitu?" Bi Tekla aliuliza.

"Ndivyo inavyotakiwa."

Nje, kwenye ngazi na barabara nzima mpaka stesheni ya chini, watu walikuwa wamejaa. Walikuwa wamesikia kura kwenye vipaza sauti na walitaka kujua kama imekwisha. Bi Tekla alitangulia kutoka. Alisimama ngazi ya juu, akafuta mikono kwenye doti lake la kanga, akawaambia kwamba hakuna aliyebaki.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa wanawake wa soko la samaki. Kilidakwa stesheni, kikapanda Mtaa wa Reli, kikavuka Mitumba, kikaenda kilima kwa kilima mpaka mtu hakuweza tena kujua kinakotokea. Honi za treni ziliingia kati. Rwechungura alikuwa amevua miwani na hakuiona njia, akashikwa mkono na watu asiowajua wakamshusha ngazi. Milembe alibaki mlangoni, harufu ya mvuke bado nguoni. Kazi ya ujana wake ilikuwa imekwisha chini ya miguu yake, na jiji lilikuwa linashangilia. Alivuta pumzi mpaka kifua kikauma, akainua ulimi, naye akapiga kigelegele.